Nusu ya nini?

Mpwa wangu alibonyeza kikokotoo, akasoma namba iliyotokea, akaiandika daftarini: −0.988. Kisha akaizidisha kwa 6 na kuendelea na kazi yake.

Swali lilikuwa la aina ile ambayo kila aliyepita sekondari amekutana nayo. Ubao wa mita 6 umeegemezwa ukutani, na pembe kati yake na sakafu ni nyuzi 30. Ncha ya juu iko mita ngapi kutoka sakafuni? Yeye alikwisha andika jibu, −5.93, na rula ilikuwa mkononi tayari kupigia mstari.

Nikamwambia asubiri. Kikokotoo kilikuwa kimewekwa kusoma pembe kwa rediani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Nikakirekebisha, akabonyeza tena, ikaja 0.5. Akafuta, akaandika mita 3.

"Mjomba, umejuaje kama imekosewa? Hata kikokotoo hukukishika."

"Saini ya 30 ni nusu," nikamwambia. "Hiyo inajulikana."

"Kwa nini nusu?"

Nilifungua kinywa, nikakuta hakuna kitu.

"Ndivyo ilivyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akageukia swali la pili.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima, kisha wiki ya pili, kisha nikaacha kuzihesabu. Kukosa jibu si ajabu, mtu mzima hukosa majibu kila siku. Kilichonisumbua ni namna alivyoitikia. Alilipokea neno langu vile vile alivyoipokea ile −0.988. Kikokotoo kimesema, ameandika. Mjomba amesema, ameandika. Na mimi, ingawa safari hii nilikuwa na jibu sahihi, sikuwa na cha kumwonyesha kuliko kile kikokotoo.

Herufi tisa

Mimi trigonometria, hesabu ya pembe na pande za pembetatu, niliipata kwa herufi tisa za mwanzo wa maneno ya Kiingereza: SOHCAHTOA. Najua wengi mnaosoma hapa mliipata hivyo hivyo. Saini ni mkabala kwa hipotenusi, kosaini ni jirani kwa hipotenusi, tanjenti ni mkabala kwa jirani. Mkabala ni upande unaotazamana na pembe, jirani ni ule unaoigusa, na hipotenusi ni ule mrefu kuliko yote, unaotazamana na pembe mraba, ile ya nyuzi 90. Nilizikariri nikitembea, nikazikariri nikioga, na kwenye mtihani nilizichora pembeni mwa karatasi kabla sijasoma swali la kwanza. Zilinivusha. Sitazisema vibaya.

Ila neno lenyewe halikunisaidia. Kwa sisi tunaosema Kiswahili, saini ni ile alama ya mkono ambayo mtu huiweka chini ya waraka. Mwalimu alipoitamka ubaoni, kwa siku kadhaa nilikuwa nasikia habari ya kutia sahihi, na hakuna waraka. Baadaye nikaacha kutafuta maana. Saini ikawa kitufe: unaingiza pembe, inatoka desimali.

Hakuna aliyeniambia, au pengine niliambiwa sikusikia, kwamba ile desimali inajibu swali la kawaida kabisa: upande huu ni sehemu gani ya upande ule?

Nusu. Sawa. Nusu ya nini?

Nusu ya hipotenusi. Nusu ya ubao. Ubao una mita 6, ncha imepanda mita 3. Niliweza kukokotoa hili tangu nina miaka kumi na mitano, na sikuwa nimewahi kuliona.

Rula na mkasi

Usiku mmoja nikatoa rula na kipimapembe. Nikachora pembetatu tatu zenye pembe mraba, kila moja ikiwa na pembe ya nyuzi 30. Hipotenusi ya kwanza sentimita 6, ya pili 10, ya tatu 17. Nikapima pande zinazotazamana na ile 30: nikapata 3.0, 5.1 na 8.4. Nikagawanya: 0.50, 0.51, 0.49.

Nilifurahi kama dakika moja hivi.

Kisha nikajiuliza: nani kaniambia ni nusu, isiwe 0.497? Penseli yangu ina unene wake, na jicho langu nalo lina upande linaloupenda. Nilikuwa nimeacha kuamini kikokotoo, nikaanza kuamini rula. Mpwa wangu angeniuliza tena "kwa nini," ningemjibu "nimepima," na hiyo ni "ndivyo ilivyo" nyingine iliyovaa nguo za kazi.

Jibu lilikuja nilipoacha kupima. Nilichora pembetatu yenye pande zote tatu sawa, sentimita 8 kila upande, nikaikata kwa mkasi. Pembe zake zote ni nyuzi 60. Nikaikunja katikati, kona kwa kona, mkunjo ukashuka kutoka kileleni hadi katikati ya kitako. Pembe ya juu ikagawanyika: 30 na 30. Kitako nacho kikagawanyika: 4 na 4.

Sasa itazame nusu moja peke yake. Ina pembe mraba pale mkunjo ulipogusa kitako. Hipotenusi yake ni upande mzima ambao haukukatwa, yaani 8. Upande unaotazamana na ile 30 ni nusu ya kitako, yaani 4. Na kitako, kabla ya kukunjwa, kilikuwa sawa na hipotenusi.

Kwa hiyo ni nusu. Hakuna kilichopimwa.

Ifanye pembetatu hiyo kubwa kama uwanja au ndogo kama ukucha, kitako kitabaki kuwa sawa na upande, na nusu ya kitako itabaki kuwa nusu ya upande. Halafu mkunjo wenyewe, kwa kanuni ya Pythagoras (mraba wa hipotenusi ni jumla ya miraba ya pande mbili nyingine): 64 kutoa 16 ni 48, kipeuo cha pili cha 48 ukigawe kwa 8, unapata kipeuo cha pili cha 3 juu ya 2. Hii ndiyo ile 0.866, saini ya 60, niliyoikariri miaka yote kana kwamba imeshushwa. Ilikuwa ni urefu wa mkunjo ukigawanywa kwa upande.

Ni kweli kwamba hili linaimaliza 30 na 60 tu. Pembe ya nyuzi 37 haikunjiki kirahisi hivyo. Lakini nilikuwa nimeshapata njia. Pembetatu mbili zenye pembe mraba, zikiwa na pembe nyingine moja inayolingana, hata ya tatu lazima ilingane, maana jumla ni 180. Basi moja ni picha ya mwenzake iliyokuzwa. Ukikuza picha mara tano, kila upande unazidishwa kwa tano, wa juu na wa chini, na ukigawanya upande kwa upande ile tano inafutika.

Uwiano ni mali ya pembe. Pembetatu imeubeba tu.

Sentensi hii moja, ningekuwa mwalimu, ningekaa nayo wiki nzima kabla ya kutaja SOHCAHTOA. Darasani kwetu ilipita kabla kengele haijalia, na somo lililofuata lilikuwa jedwali.

Mjomba wa nani?

Nikarudi kwa mpwa wangu na karatasi iliyokunjwa. Alielewa haraka kuliko mimi, akaikunja na kuikunjua mara tatu nne hivi. Nikadhani kazi imekwisha.

Kumbe kulikuwa na jambo lingine. Nilipomgeuzia karatasi, pembetatu ikalala upande, akapotea. Kwake yeye mstari uliosimama ndio mkabala, uliolala ndio jirani, na mchoro ukigeuka majina hayageuki. Nilimrekebisha mara mbili kwa maneno ya kitabuni na nikaona macho yake yanatoka kwenye karatasi.

Ndipo nikamuuliza: "Mimi ni nani?"

"Mjomba."

"Mama yako ananiitaje?"

"Kaka."

"Na bibi yako?"

"Mwanangu."

"Mimi ni watu watatu?"

Akatabasamu, akaitazama tena pembetatu. Mkabala si jina la upande. Ni undugu wake na pembe fulani. Uliza kwanza pembe ipi inayoita, ndipo ujue upande unaitwaje. Hipotenusi peke yake haibadiliki jina, kwa sababu inatazamana na pembe mraba, na pembe mraba ni moja tu.

Kilichofuata sikukipanga. Alikuwa anajaza jedwali dogo la pande za ile nusu ya pembetatu, safu moja ya 30 na safu moja ya 60, akasimamisha kalamu.

"Mjomba, saini ya 30 na kosaini ya 60 ni namba moja. Kumbe ni upande ule ule! Anayeuita ndiye kabadilika."

Nilikaa kimya, maana nilikuwa najifunza. Ile "ko" ya kosaini ina maana yake: ni saini ya pembe inayojaliza, ile inayokamilisha 90. Mwingereza Edmund Gunter aliandika *co.sinus* mwaka 1620, na hadi leo tunaitamka bila kujua kwamba neno lenyewe linatuambia la kufanya. Niliitumia kosaini sekondari yote nikidhani ni kitufe cha pili kilichowekwa kando ya cha kwanza.

Upote

Wiki iliyofuata alikuja na swali ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulimeza bila kuliuliza. Ikiwa saini ya 30 ni 0.5, kwa nini saini ya 60 isiwe 1? Pembe imekuwa mara mbili.

Kumwonyesha kwamba haiwezekani ni rahisi. Saini ikiwa 1, mkabala umelingana na hipotenusi, na hipotenusi ndiyo ndefu kuliko pande zote. Ukijumlisha saini ya 30 na saini ya 60 ukadhani umepata saini ya 90, unapata 1.366, ubao uliopanda kuliko urefu wake. Lakini kumwonyesha mtu kwamba kakosea si kumwonyesha kwa nini. Hapo ndipo nilipokwama tena, na safari hii aliyenikwamua ni mtu wa zamani sana.

Aryabhata alikuwa mwanahisabati wa India. Katika kazi yake ya mwaka 499 alitoa hesabu ya kile tunachokiita saini, na jina alilolitumia, *jya*, maana yake ni upote, kamba ya upinde. Chora duara. Kipande cha duara ni upinde, na mstari ulionyooka kati ya ncha zake mbili ni upote. Saini ni nusu ya upote huo: nusu hiyo ndiyo mkabala, na nusukipenyo, mstari wa kutoka kitovu cha duara hadi ukingoni, ndiyo hipotenusi. Waarabu walipolichukua neno likawa *jiba*, na kwa kuwa liliandikwa bila irabu, baadaye likasomwa *jayb*, uwazi wa vazi kifuani. Watafsiri wa karne ya 12 wakalipa maana hiyo hiyo kwa Kilatini: *sinus*. Kwa hiyo neno lililonitatiza darasani nikitafuta waraka wa kutia sahihi ni kamba ya upinde iliyopotea njiani. Nilipolijua hili nilihisi kama nimeombwa radhi.

Lakini kilichonishika zaidi ni namba zake. Aryabhata aliigawa pembe mraba katika hatua 24, kila hatua nyuzi 3.75. Nusukipenyo yake ni 3438, kwa sababu duara zima lina dakika 21,600 za pembe (nyuzi 360, kila moja dakika 60), na ukigawanya hizo kwa pai mara mbili unapata takriban hiyo. Halafu hakutoa saini zenyewe. Alitoa nyongeza ya kila hatua. Za kwanza nane ni hizi:

225, 224, 222, 219, 215, 210, 205, 199.

Hatua nane za nyuzi 3.75 ni nyuzi 30. Nikachukua kalamu nikajumlisha. Nilipata 1719. Nikarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo. 1719.

Nusu ya 3438.

Sijui nieleze vipi furaha ya dakika ile. Miaka zaidi ya 1500, na nusu ni ile ile niliyoikunja kwa karatasi.

Na jibu la mpwa wangu liko hapo hapo kwenye safu. Nyongeza zinapungua. Hatua ya kwanza inaongeza 225, ya nane 199, na ukiendelea hadi ya 24, ya mwisho kabisa, inaongeza 7 tu. Hatua nane za mwanzo zimebeba nusu ya kimo chote. Zile kumi na sita zilizobaki zinagawana nusu nyingine.

Niliweka penseli mezani mbele yake, ncha moja nikaishikilia kwa kidole, nyingine nikaiinua polepole. Ilipokuwa imelala, kila nilipoisogeza kidogo ncha ilipanda juu. Ilipokaribia kusimama, kila nilipoisogeza ncha ilikwenda pembeni tu, haikupanda tena. Nikampa afanye mwenyewe. Alifanya mara nyingi, jicho likiwa usawa wa meza.

Thibitisha kwamba

Kwangu mimi ukuta ulikuwa neno "thibitisha". Ile milinganyo ambayo ni kweli kwa kila pembe niliiogopa kwa sababu sikuelewa inataka nini. Mlinganyo niliouzoea huuliza: ni pembe ipi? Huu hauulizi chochote. Unadai. Ukiandika sin kwa saini, cos kwa kosaini, tan kwa tanjenti na θ kwa pembe yoyote, sin θ = cos θ ni kweli kwa 45, ni uongo kwa 30; lakini sin²θ + cos²θ = 1 inajidai kuwa kweli popote, na mimi nilitakiwa niitetee.

Sikujua kwamba ni Pythagoras. Chukua pembetatu ya 3, 4 na 5. Tisa na kumi na sita ni ishirini na tano. Gawanya kila kitu kwa 25, unapata 9/25 na 16/25, jumla 1. Umeigawa kanuni ya Pythagoras kwa mraba wa hipotenusi, basi. Na mtu akijaribu kuziondoa zile mbili za juu ili abaki na sin θ + cos θ = 1, pembetatu hiyo hiyo inamjibu: 3/5 na 4/5 ni 7/5.

(Uandishi wenyewe nao hautendi haki. sin²θ ni saini mara saini, lakini sin⁻¹ ya kwenye kikokotoo si moja gawa kwa saini. Ni safari ya kurudi kutoka kwenye uwiano kwenda kwenye pembe. Alama moja, kazi mbili, na mwanafunzi ndiye anayepoteza maksi.)

Mpwa wangu alikuwa amepewa hii: thibitisha kwamba tan θ + 1/tan θ = 1/(sin θ cos θ). Aliitazama kwa muda mrefu bila kuandika. Nikamwambia aipeleke kwanza kwenye 3, 4, 5.

Kushoto: 3/4 na 4/3, ni 25/12. Kulia: 3/5 mara 4/5 ni 12/25, geuza, 25/12.

"Kwa hiyo nimethibitisha?"

Hapa nilisita, kwa sababu najua mwalimu wangu wa zamani angechora alama nyekundu ya kosa juu ya karatasi nzima. Hajathibitisha. Amejaribu pembe moja katika pembe zisizo na hesabu, na ile rula yangu ilinifundisha tofauti. Lakini naona sasa kwamba jaribio hilo lilimpa kitu ambacho mimi sikuwahi kuwa nacho: alianza uthibitisho akijua kwamba jambo lenyewe ni kweli. Mimi nilikuwa naanza nikiwa na hofu kwamba huenda si kweli, au ni kweli kwa wengine tu.

Akaandika tanjenti kama saini juu ya kosaini. Akaiandika ya pili ikiwa imegeuzwa. Akatafuta asili ya pamoja, sin θ cos θ. Kwenye kiasi pakatokea sin²θ + cos²θ, akanitazama, sikusema kitu, akaandika 1.

Kazi ile ilikuwa na maswali kumi na tano. Jioni ile tulifanya mawili. Nina wasiwasi nalo; mtihani haukungoji ukunje karatasi, na sina hakika kama nilimsaidia au nilimchelewesha. Yale kumi na tatu aliyafanya mwenyewe usiku, kwa SOHCAHTOA kama kawaida, na mengi alipata.

Karatasi

Juzi nilimkuta sakafuni. Alikuwa anachora tanjenti, jirani sentimita 10 kila mara, akiongeza pembe. Kwa nyuzi 70 mkabala ulifika 27.5, ukaingia kwa taabu kwenye karatasi ya A4 iliyosimamishwa. Kwa 80 ulihitaji 56.7, akaunga karatasi mbili kwa gundi. Kwa 85 ni sentimita 114. Karatasi nne, zikafika mlangoni.

Ya 89 hakuichora. Alikokotoa, akapata 573, akagawa kwa 29.7, akaniambia zinatakiwa karatasi ishirini.

Nikamwona anaandika 90 kwenye kikokotoo. Kikakataa, kikaleta neno la kosa. Hakuniuliza mimi. Alikiweka kando, akachukua rula, akapiga mstari wa jirani, kisha kwenye kona ya kushoto akapiga mwingine wima, na kwenye kona ya kulia mwingine wima. Akaitazama ile mistari miwili iliyosimama sambamba, akatafuta kwa kidole mahali ambapo ingekutana, kidole kikapanda hadi ukingo wa karatasi na kuendelea juu ya sakafu.